Harufu Iliyomtoroka Hatibu

Hatibu alichanganya tumbaku ya kiko pale Ngamiani tangu kabla ya vita, na hakuna aliyewahi kumwona akichanganya. Alijifungia chumbani, akaziba dirisha kwa gunia, na hata mkewe Mwamvua, ambaye chumba kile kilikuwa chake vilevile, aliombwa atoke. Jani kali la Usambara, jani laini la Pongwe, asali kijiko kimoja, karafuu chache zilizopondwa: siri hiyo nusu ya mtaa waliijua. Walioiga walipata tumbaku nzuri tu. Ya Hatibu ilikuwa na utamu uliobaki puani moshi ukishaisha, naye aliamini unatoka mkononi mwake.

Mwaka wa hamsini na nne, Luka, karani mkuu wa shamba la mkonge, aliyewachukulia tumbaku wenzake wote wa ofisini, alivuta mara mbili, akakitazama kiko chake kama barua isiyo na sahihi.

"Mzee Hatibu, hii ni tumbaku," alisema. "Mimi nataka yako."

Akampa muda hadi Jumamosi. Ikipita hapo, ofisi nzima ingehamia kwenye makopo ya dukani, na Hatibu angebaki na wazee wanne wa barazani ambao huvuta kwa kuonjeshwa.

Hatibu hakujiuliza amekosea wapi. Alijiuliza nani kamkosea. Alianza na Idarusi, muuza ugoro wa jirani, ambaye siku hizo alimwamkia kwa uchangamfu usioelezeka. Kisha akamgeukia Tadeo, mkulima aliyemletea jani la Pongwe kwa baiskeli. Shikamoo ya Tadeo asubuhi ile ilimwonekea ndefu mno. Akafungua kila mtumba, akanusa, akatamka mbele za watu kwamba jani limechanganywa na majani ya mgomba.

Tadeo hakubishana. Alifunga mzigo wake upya. "Jani ni lilelile, mzee. Tazama kilichobadilika kwako," akasema, akapanda baiskeli. Upole ule Hatibu aliuhesabu kuwa ungamo.

Ijumaa, baada ya sala, akajifungia chumbani anuse kila kitu. Alinusa makopo, gunia, hata kijiko cha asali, mwisho akafikia kanga za mkewe, zilizotundikwa juu ya sanduku la tumbaku. Zilinukia sabuni. Mama yake Mwamvua alikuwa amefariki wiki tatu nyuma, na tangu hapo Mwamvua hakujitia manukato wala kufukiza nguo. Angekaa hivyo hadi arobaini. Miaka yote kabla ya hapo, kila jioni, chetezo cha udi kilifuka juu ya sanduku lile, na Hatibu akilalamika kwamba moshi unamharibia tumbaku.

Hakumwambia mtu. Alinunua udi sokoni, akauwasha mwenyewe, akafunga mlango. Lakini udi hauna adabu ya kukaa chumba kimoja. Mwamvua aliingia bila hodi.

"Baba Mastura, mama yangu hajatimiza arobaini. Unamfukizia nani?"

Machoni mwa mkewe, Hatibu alimwona mke wa pili, ameshaolewa na ameshapewa chumba. Alichukua muda kupima lipi lina aibu zaidi, huyo mke au ukweli. Akasema ukweli.

Mwamvua aliketi juu ya sanduku. "Huo uliowasha ni wa sokoni," alisema. "Wangu naupika mwenyewe. Na hauwaki humu kabla ya arobaini, huyo karani wako hata alie."

Alipomuuliza huwa anatia nini, mkewe alimwomba atoke.

Jumamosi Hatibu alikwenda kwa Luka mikono mitupu, akaomba asubiriwe siku kumi na tisa, kwa kuwa mwenye tumbaku amefiwa. Luka alitoa kiko mdomoni, akampa pole, akasema msiba hauharakishwi; ofisi itasubiri. Kisha, kwa kuwa alikuwa karani, akataka kujua mwenye tumbaku ni nani, maana miaka yote alidhani ni Hatibu.

Hatibu akasema Pongwe ni mbali, na ana mtu wa kumtaka radhi huko kabla ya adhuhuri. Akaaga.