Shati Jekundu Msibani

Mwaka wake wa kwanza mjini Phrae, kaskazini mwa Thailand, Joost aliitwa "farang" tu, jina la kila mgeni mweupe. Alikuwa mwokaji mikate mstaafu kutoka Uholanzi, mrefu kiasi cha kujigonga kwenye kila mlango, na majirani walimchekea kwa adabu wakamwacha apite.

Kisha jirani yake Bi Buakhiao, muuza tambi, akafiwa na mama. Joost akaenda hekaluni kuhani akiwa na shati jekundu, zuri kuliko yote aliyokuwa nayo. Wenzake wote walivaa nyeusi. Akasimama langoni, masikio yanawaka kwa aibu.

Bi Buakhiao akamfuata na aproni nyeusi. "Vaa hii, kaka. Marehemu alipenda nyekundu, lakini wajomba zangu wana ndimi ndefu. Unajua kuosha vyombo?"

"Najua, dada."

"Basi nenda nyuma, mabakuli yanakungoja. Ukivunja moja, utatuokea mikate mwaka mzima."

Aliosha siku tatu, amechuchumaa kati ya wanawake waliomfundisha matusi ya kwao na kucheka alivyoyatamka. Siku ya nne, sokoni, mtu akaita "Yot!", yaani Joost kwa matamshi ya kwao, naye akachelewa kugundua kuwa anaitwa yeye.

Imepita miaka kumi na minane. Bi Buakhiao amehamia Bangkok kwa bintiye. Joost akikumbuka maji yale ya sabuni na vile vicheko, huona haya kidogo, kwa kuwa siku zake tamu kuliko zote mjini hapa zilikuwa za msiba wa watu.