Simbilisi Aliyeombewa

Wewe unayenisikiliza, sogea nikueleze taratibu, usije ukaaibika kama mimi.

Nilinunua simbilisi, yule mnyama mdogo kama panya asiye na mkia, mjini Mbarara, nikamleta hapa kambini Nakivale awe rafiki wa binti yangu. Kule kwetu Kivu, Kongo, mama yangu alifuga wengi jikoni, lakini wale walikuwa kitoweo, na nani husikiliza malalamiko ya kitoweo? Huyu wangu, kila jioni nilipoingia na mboga kutoka sokoni, alipiga mayowe kama anayechinjwa.

"Baba Neema, ule ni mugonjwa," mke wangu akasema. "Tumukule sasa, mbele akufe bure."

Binti akalia. Basi mimi, shemasi mzima, nikawaita wamama wa maombi.

Wakaweka mikono juu ya boksi alimokaa. Simbilisi akatulia, nami nikaanza kushukuru kwa uponyaji. Hapo Mama Riziki, jirani yetu, akafungua mfuko wa plastiki atutolee lengalenga, mchicha wa kwetu, alizotuletea. Mnyama akapiga mayowe.

"Toka, pepo!" nikanguruma kwa sauti yangu ya mimbarani.

Mama Riziki akaacha kugusa mfuko. Kimya. Akauchakarisha tena. Mayowe.

"Shemasi," akasema, midomo ikimtetemeka kwa kicheko, "iko na njaa tu. Mangaribi unarudiaka na mufuko kama huu, si ndiyo?"

Wamama wakaangua kicheko mpaka wakakaa chini. Mke wangu, aliyekwisha kunoa kisu, akakirudisha jikoni.

Kwa hiyo, simbilisi wako akipiga kelele, mpe majani kwanza.