Mama Alivyotoa Hasira

Jumatano iliyopita tulimzika mama. Jana nilipita mtaa wa Gisozi, kwenye karakana za mbao alikofanya kazi, nikasikia randa ikipita juu ya ubao, nikasimama.

Harufu ya gundi na vanishi ilikuwa ile ile ya mchana mmoja nikiwa mtoto, mteja alipokuja kuchukua kitanda chake. Alipojua fundi ni mwanamke, alikataa. "Kitanda ya mwanamke? Itavunjika leo leo!" Mafundi wote wakasikia. Mama aliingia ndani, akachukua kipande cha ubao kisicho na kazi, akaanza kukipiga randa taratibu, huku akivuta pumzi.

"Mama, unatengeneza nini?"

"Natoa hasira, mwanangu."

Nyumbani tuliongea Kinyarwanda, na Kiswahili changu kilikuwa cha sokoni. Neno nililolijua ni hasara. Nikatoka mbio kwa mteja. "Muzee, ngoja kidogo, mama anatoa hasara."

Mafundi walicheka hadi wakaweka nyundo chini. "Ee muzee, umeshamtia hasara mama wa watu!"

Leo nawajua watu wengi wanaobeba hasira za kazini na kuwapelekea watoto nyumbani. Mama, na hili najivunia, aliiacha yote kwenye ule ubao.

Alitoka ametulia, maranda yamejaa kwenye nywele. "Muzee, vua viatu, upande kitandani, urukeruke."

Mteja akapanda, akaruka, akaruka tena kwa nguvu. Kitanda hakikulia hata kidogo. Akashuka, akavaa viatu, akaita wabebaji.