Kulala na Viatu

Juma hii nilikuwa nangojea zamu yangu katika duka la dawa za Kichina, hapa Bunia. Mbele yangu alikaa mama mumoja aliyekimbia vita katika kijiji cha Bule, sasa anaishi katika kambi ya wakimbizi, na ambaye hapati usingizi. Munganga, mutu wa hapa kwetu aliyejifunza kazi hiyo, akamushika mukono kusikiliza mushipa.

«Mama, mwili iko na nguvu mbili. Yang iko moto, inakimbia sawa muchana. Yin iko baridi, inapumuzisha sawa usiku. Kwako yang imepita kipimo. Usiku unalalaka namna gani?»

«Ninalalaka na viatu.»

«Na viatu?»

«Siye wote mu kambi tunalalaka na viatu. Wenye bunduki wakiingia, nani iko na wakati ya kuvaa?»

Munganga akauachilia mukono wake polepole, akamufungia majani katika karatasi.

«Utakunywa hii mangaribi. Kisha utoshe viatu miguuni, mama, mwili ijue usiku imefika.»

Mama akatazama miguu yake. «Dawa nitakunywa,» akasema.

Wakubwa wa serikali nao wanatuambia redioni kwamba Ituri, jimbo letu, imetulia. Ningewauliza jambo moja tu: jana usiku, nani kati yenu alilala na viatu?