Swali Aliloulizwa Nasrin

Gaudensia Magesa, mzaliwa wa Murangi, alikuwa akikaimu ukuu wa idara ya biashara katika chuo kimoja binafsi mjini Bunda. Wanafunzi walimjua kama mkali asiyependelea mtu, na sifa hiyo aliipenda.

Mwaka jana idara yake ilitafuta mkufunzi wa uhasibu. Siku ya usaili akaingia Nasrin, waliyesoma naye sekondari Musoma. Ukoo wake ulitoka India enzi za babu wa babu yake. Nasrin alilisalimia jopo zima kwa pamoja, akakaa, wala hakuonyesha kwamba anamfahamu Gaudensia. Maswali ya kazi aliyajibu vizuri kuliko wote waliomtangulia. Ndipo mkuu wa chuo, Mwalimu Machage, akamuuliza kwa upole kabisa, "Na ukirudi kwenu India, wanafunzi wetu utamwachia nani?"

"Kwetu ni Musoma, mwalimu. India sijawahi kufika."

Mjumbe mmoja akacheka. Gaudensia akainamia meza.

Nasrin alipotoka, Machage alikiri kuwa amewazidi wenzake, ila akasema watu hawatawaelewa wakimwacha mtoto wa hapa na kumchukua Mhindi. Akamgeukia Gaudensia, maana idara ni yake. Gaudensia alikuwa na la kusema. Lakini wa kumthibitisha kwenye cheo alikuwa Machage.

"Sawa, mwalimu," akasema.

Kazi akapewa Evance, kijana wa Butiama.

Jioni hiyo Gaudensia alimkuta Nasrin stendi akisubiri gari la Musoma.

"Gaude, usidhani niliringa," Nasrin alimwambia. "Nilijifanya sikujui makusudi. Sikutaka waseme umenibeba."

Gaudensia alishindwa kumtazama. Akasema anawahi kikao, akaondoka. Kikao hakikuwepo.

Jumapili, kanisani, wenzake walipopanga foleni kwenda kukomunika, yeye alibaki kwenye benchi. Kesho yake akaenda ofisini kwa Machage, akamwambia kuwa wamemnyima mtu kazi kwa sababu ya rangi yake, na kwamba atalipeleka jambo hilo kwenye bodi. Machage akamuuliza siku ya usaili yeye alikuwa wapi. Bodi akaiendea hivyo hivyo.

Bodi ilikataza waombaji kuulizwa asili yao. Evance aliachwa kazini, kwani yeye hakuwa na kosa. Nasrin aliahidiwa nafasi muhula uliofuata, akakataa; alishapata kazi Mwanza. Idara ya biashara ikaletewa mkuu mwingine, Gaudensia akarudi kufundisha tu.

Nasrin alipokuja likizo, Gaudensia alimfuata Musoma, kwenye duka la baba yake. Wakakaa nyuma ya duka, akamweleza yote, pamoja na ile "sawa, mwalimu."

"Nilikuona ulivyoinama, nikajua," Nasrin alisema. "Ungesema pale pale, Gaude. Hata kama wangeninyima."

Gaudensia alitaka kuomba msamaha, lakini baba mtu akaingia na soda mbili baridi. Mzee alikuwa amesikia habari za bodi. Akamshika Gaudensia mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante, mwanangu. Siku hizi nani anampiganiaga mwenzake namna hiyo?"

Nasrin alitazama sakafu, hakumsahihisha baba yake. Gaudensia alikunywa ile soda mpaka ikaisha, uso ukimwaka moto, akisikiliza akisifiwa.