Munga, Kiti cha Homa

Siku ya kwanza Mishi kununua ndimu kwa Munga sokoni Kongowea, alimwambia zimesinyaa. Munga akaikata moja, akamkamulia kiganjani. "Lamba, dadangu, halafu unitukane vizuri." Mishi akalamba, akachukua gunia zima la kwenda kuuza kibandani kwake, na tangu hapo hakununua ndimu kwa mwingine.

Kwa hivyo Munga alipoanza kukonda na kupandwa na homa, Mishi aliiona hasara ikimjia na yeye. Ndiye aliyemburura hadi kliniki huko Frere Town, na ndiye aliyetega sikio muuguzi alipoeleza. Kirusi cha Ukimwi huingia ndani ya chembe nyeupe, askari wa damu. Hugeuza maandishi yake yawe DNA kama ya askari yule, kisha hujishona humo humo. Askari akizaa askari, anamzaa pamoja na mgeni wake. Vidonge huzuia ugeuzaji huo usiendelee. Virusi vilivyokwisha kujishona hubaki, vimelala.

"Kumbe mgeni huyo hatoki," Munga akasema. "Basi mimi ni kiti."

Kwao Kaloleni, mtu anayekaliwa na pepo huitwa kiti. Babake, mganga, alikuwa kiti mpaka kufa kwake, na Munga aliamini homa zile ni mzee anatafuta pa kukaa. Zikipanda, alisikia hata kikohozi cha mzee.

Alimeza dawa, akanawiri, vipimo vikasema virusi havionekani. Mishi akasema alhamdulillahi. Munga akapoa kama mfiwa.

Baadaye Mishi alimkuta nyuma ya magunia, jasho linamtiririka, akiitika, "Naam, baba," na hakuna aliyemwita.

"Umeacha dawa."

"Nikimeza simsikii, dadangu."

"Babako alitibu watu. Huyu anakumalizia askari wako. Tangu lini mzee akala mwanawe?"

Munga akageukia gunia, akaanza kuchambua ndimu.

"Basi ndimu zako peleka kwingine. Mimi sifanyi biashara na maiti. Ukitaka ninunue, umeze mbele yangu."

Akapeleka kwingine kweli, na Mishi akauza ndimu kavu zilizomkimbizia wateja. Mwisho Munga alirudi, gunia begani, kopo la vidonge mkononi. Akameza mbele ya Mishi, akafumba macho, akasikiliza.

Dawa zikashika tena. Mishi akapata ndimu zake, Munga akaurudia mwili wake. Asubuhi moja Mishi akamuuliza kama bado anamsikia mzee.

"La," Munga akasema, akifunga mdomo wa gunia. "Sasa ndipo amekufa."