Pedali ya Mashine ya Damu

Kila mashine ile ilipomsumbua, mdogo wangu alirudi nyumbani. Ndiyo maana siku ilipokamilika sikujua nifurahi vipi.

Yeye anapima damu katika kituo cha afya upande wa Mavivi, kule Beni. Mashine yao ya umeme, ile inayozungusha vichupa ili wekundu wa damu uteremke na maji yake yabaki juu, iliungua. Mimi ni mshonaji hapa Butembo, na nyuma ya kibanda changu kuna fundi wa kuchomelea vyuma. Tukamtengenezea nyingine ya kuzungusha kwa mkono, kwa gia za baiskeli kuukuu.

Mara ya kwanza alirudi kwa sababu ilirukaruka mezani. Tukaipa miguu mizito. Baadaye akarudi tena: mfuniko ulikuwa mgumu kufungua akiwa amevaa glavu. Fundi akauwekea kishikio kipana. Mdogo wangu alilala kwangu, akilalamikia baridi ya Butembo, miguu yake ameisukuma chini ya miguu yangu, kama tulivyolala mama alipotuacha, baba akiwa ameshatangulia, na mimi kifungua mimba nikaacha masomo nikakalia cherehani ya mama. Nilimpikia maharage na viazi, akala huku akisimulia. Mchana nilisikia nyundo ya fundi, nikaomba moyoni asimalize upesi.

Kisha siku moja akashuka garini na tumbo kubwa.

"Yaya, hii manivela inanipiga ku tumbo," akaniambia mimi dada yake, akigusa mpini wa kuzungushia.

"Manivela ndiyo ilitangulia," fundi akasema. "Tumbo ndiyo imekuya nyuma."

"Basi wewe ubebe tumbo, miye nizungushe!"

Tulicheka, lakini nilimwomba atuonyeshe jinsi anavyofanya kazi. Akasimama mezani. Mkono wa kulia ukazungusha, wa kushoto ukashikilia sanduku, jasho likamtoka. Akiacha kuzungusha ili aandike, gurudumu nalo linasimama. Mgonjwa akimwita, anaacha yote na kuanza upya.

Mimi mikono yangu haizungushi kitu. Inaongoza kitambaa, na miguu ndiyo inayofanya kazi. Nikasema tuitafutie pedali ya cherehani iliyokufa, na kiti, afanye akiwa amekaa.

Mdogo wangu alipokwenda kujinyoosha kitandani, fundi akaniangalia.

"Mama, sasa tutapima damu ao tutashona manguo?"

"Yote ni kuzungusha."

"Lakini ukimuwekea hiyo, atarudi huku kutafuta nini tena?"

Alikuwa anatania. Ila mimi nilikuwa nimeshalifikiria neno hilo kabla yake. Nilitazama mlango wa chumba, viatu vyake vya vumbi la Beni vimekaa kando ya vyangu.

"Weka pedali," nikasema. "Na uikaze."

Alipoijaribu, alikaa, akakanyaga, mikono yake yote miwili ikabaki huru. Akachukua kalamu, akaandika, na gurudumu halikusimama. Uso wake ukafunguka.

"Yaya, hapana kitu ya kubadilisha tena!"

Nikamfungia mashine kwa kitenge, nikamsindikiza hadi garini.

Amejifungua mtoto wa kike. Nimemwona kwenye picha tu. Barabara ya Beni, hapa tunaiulizia asubuhi kama mtu anavyoulizia hali ya mgonjwa, na wiki hizi majibu si mazuri: magari yanashambuliwa njiani.

Jana alinipigia akiwa kazini. Aliweka simu mezani, nikasikia gurudumu likizunguka taratibu, bila kukwaruza.

"Kiti hakikuumizi mugongo?"

"Hapana, Yaya."

"Na pedali? Haiko nzito?"

"Iko muzuri."

"Na mufuniko?"

Gurudumu likaendelea.

"Yaya," akasema, "mashini iko muzima. Wewe ndiye ukuye."

Nikamwambia ndiyo, nitakuja njia ikitulia. Hakuna aliyekata simu. Yeye alikanyaga pedali yake, nami nikakanyaga yangu, hadi mgonjwa alipomwita.